Brokoli Zilizolala na Chupa ya Maji ya Moto

Jumamosi, 12 Januari

Theluji kidogo. Nimetoka kabla hata ya chai kwenda kuziangalia brokoli — zote hai. Majani makubwa kama sinia, lakini chipukizi hata la dawa hakuna. Hizi ni brokoli za machipukizi, zile za zambarau. Unapanda mwaka huu, unakula mwaka ujao, Mungu akipenda. Zinakaa na wewe, zinakula, zinanenepa, hazikupi kitu. Kama mwanangu Gavin tu.

Nimeongeza nailoni ya pili juu ya ile ya kwanza. Jana jioni nilizipelekea chupa za mpira za maji ya moto, moja kila upande wa tuta. Ronnie kasema tangu tuoane hajawahi kupelekewa chupa kitandani. Nikamwambia yeye hajawahi kulala nje.

"Nipe nafasi," akasema.

Daktari ndiye aliyeniambia nikishikwa na wasiwasi niandike, badala ya kumwuliza Ronnie kila mara kama amelala. Basi naandika. Shule niliiacha nina miaka kumi na tano nikaenda kiwanda cha biskuti, kwa hiyo nikikosea herufi ni yangu mwenyewe, hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 21 Januari

Gavin ameimba bafuni!

Nimesimama kwenye ngazi na nguo za kufua mkononi, sikusogea. Tangu mchumba wake Joanne amwache, mwanangu hajaimba. Hajacheka vizuri. Anatoka kazini kwenye karakana ya matairi, anakula, anatazama ukuta. Ana miaka thelathini na mmoja. Na leo anaimba!

Nimemwambia Ronnie. Ronnie kasema labda maji yalikuwa ya baridi, alikuwa anapiga kelele tu.

Halafu mezani, Gavin akaweka uma chini akasema: "Mama, zile brokoli zinachipua lini?"

Mimi na Ronnie tukatazamana. Huyu ni mtoto aliyewahi kuyamwagilia maji maua ya plastiki kwa shangazi yake. Wiki mbili!

Jumatano, 23 Januari

Nimejua yote. Kuna msichana. Anaitwa Bryony.

Mimi ndiye niliyemtuma, kumbe! Kabla ya Krismasi nilimtuma duka la bustani aninunulie mboji, na kwenye foleni huyo Bryony akamwuliza anapanda nini. Mwanangu akajibu, brokoli ya machipukizi. Bryony akasema hiyo si mboga ya mchezo, wanaume wengi hawana subira nayo. Gavin akasema, "Mimi ninayo."

Mtu ambaye hawezi kusubiri mkate utoke kwenye tosta! Anauchomoa kwa kisu!

Nikamwuliza, "Na mimi umenifanya nani?"

"Nimesema unanisaidia kidogo, mama. Kumwagilia."

"Kumwagilia!"

"Na kwamba unaogopa minyoo."

Kumbe si msichana wa hivi hivi. Baba yake ni Bwana Entwistle, mwamuzi wa maonyesho ya mboga, mkali wilaya nzima. Aliwahi kumtoa shemeji yake mwenyewe mashindanoni kwa kupaka vitunguu mafuta ving'ae. Shemeji hajakanyaga kwao tena, hata Krismasi.

Nimemwambia Gavin akamweleze msichana ukweli kesho. Kasema sawa. Kesho kutwa.

Jumapili, 3 Februari

Somo la kwanza la bustani. Mvua ya upande. Nimemsimamisha Gavin mbele ya tuta nikamwuliza hii ni nini.

"Brokoli."

"Hicho ni kitunguu liki, Gavin."

"Ile?"

"Ile ni ndoo ya baba yako."

Lakini anajaribu, maskini. Kajifunza kwamba lazima kila mmea uegemezwe kijiti upepo usiulaze, na kwamba njiwa ndiye adui. Kaniuliza kwa nini nailoni zote hizi. Nikamwambia ni baridi, zitaganda. Kasema, "Mama, una huruma sana," akanibusu kichwani. Nimekaa jikoni baadaye nikiwaza: akienda, nani atanibusu kichwani? Ronnie hafiki. Ronnie anafika, ila hainami.

Ukweli hajamwambia. Kasema anatafuta wakati mzuri.

Jumanne, 12 Februari

Leo ni siku ya chapati za maji, kesho Kwaresima. Nilikuwa nimerusha ya Ronnie hewani pale Gavin alipotoa habari yake. Chapati imetua juu ya kabati, ipo hadi sasa.

Bryony anakuja kula Jumapili ya Akina Mama! Na baba yake!

Nikasema siku hiyo mtu huenda kwa mama yake. Gavin akasema hana. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo siku ile ikifika wanajifungia ndani, yeye na baba yake, na mzee anasafisha bomba la moshi hata kama ni safi. Basi Gavin akawaalika. Msichana wa watu, siku kama hiyo, anamtazama baba yake akikwangua masizi!

Waje. Nitaoka mwanakondoo, na viazi, na sosi ya mnanaa.

"Kuna kitu kimoja," akasema Gavin. "Anataka kuikata brokoli mwenyewe. Kwa mkono wake. Anasema ikitoka mmeani iingie sufuriani moja kwa moja, ndiyo utamu wake."

Ronnie kaweka limau kwenye chapati yake taratibu. Kasema, "Basi mwambie ukweli, mwanangu."

Gavin kanywea mpaka nikamwona ana miaka saba. "Joanne alisema mimi ni mtu asiyemaliza kitu chochote," akasema. "Huyu anadhani nimekaa na mmea mwaka mzima."

Mimi nimempa chapati nyingine.

Alhamisi, 14 Februari

Gavin katoka na Bryony. Marashi mpaka paka amepiga chafya. Brokoli: hakuna. Nimepeleka jiko dogo la mafuta ya taa ndani ya nailoni. Ndani humo ukiingiza mkono ni joto kama Hispania.

Jumamosi, 23 Februari

Leo nimejua. Heri nisingejua.

Nilikuwa najaza mafuta kwenye jiko la brokoli. Bwana Ogden, jirani yetu, yuko upande wake wa uzio, anakata. Anakata! Beseni limejaa machipukizi ya zambarau, marefu kama vidole, mazuri mpaka roho inauma. Na brokoli zake zimesimama uchi majira yote haya, zimepigwa na kila theluji.

Nikajikaza. Tumekaa naye jirani tangu Gavin akiwa shule na hatujawahi kuulizana swali la bustani. Tunaambiana habari za mvua. Leo nikamwuliza, "Bwana Ogden, zako zimekubali vipi?"

Akafuta kisu. Akatazama mawingu. Akasema, "Baridi, Bi Shuttleworth."

"Baridi imefanya nini?"

"Zinaitaka. Hizi zisipopigwa na baridi hazijui kama mwaka umegeuka. Zinadhani ni majira ya joto bado. Zinaota majani tu."

Nikatazama nailoni zangu. Nikatazama jiko. Mvuke ulikuwa unatoka!

"Wewe umejua tangu lini kwamba nakosea?"

"Tangu uliposimamisha nailoni."

"Hiyo ni Novemba!"

"Mwisho wa Oktoba," akasema, kwa upole sana.

"Na hukuniambia!"

Masikio yakamwiva mekundu. "Hukuuliza, Bi Shuttleworth. Nilimwambia mke wangu, labda ana mbinu yake."

Na siwezi hata kumkasirikia, maana mtaa wetu ndivyo tulivyo. Mwaka juzi suruali yake ilichanika nyuma, akaivaa bustanini wiki nzima. Mimi nilisema nini? Nilisema mvua inakuja.

Nimeingia ndani nikamweleza Ronnie. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo zimepewa joto, zimepewa chakula, zimefunikwa. Zitahangaika kuchipua ya nini? Mo, wewe una kipaji."

Nimemrushia kitambaa cha vyombo. Kisha nimekaa. Gavin alikuwa juu, anaimba.

Jumapili, 24 Februari

Nimezivua nguo zote. Nailoni, kitambaa, chupa, jiko. Zimesimama pale zinatetemeka. Au ni mimi niliyekuwa natetemeka. Nimeomba baridi. Mimi, mtu wa kuvaa soksi mbili! Kanisani mchungaji kasema tuombe kila mmoja haja ya moyo wake, nikaomba theluji.

Ijumaa, 1 Machi

Baridi imekuja, asante. Njiwa pia. Wametoboa jani moja likawa kama leso ya harusi. Ronnie kaweka wavu na fulana yake ya zamani juu ya kijiti. Njiwa mmoja kakaa juu ya fulana.

Gavin kaja kutazama. Nikamwambia nimeharibu, ni kosa langu, nimezidekeza. Kasema si kitu, mama. Kisha akabaki amechuchumaa pale kwenye baridi, akachungulia katikati ya majani, mmea mmoja baada ya mwingine, mpaka chai yake ikapoa nikamwita. Hakuna aliyemtuma.

Jumanne, 5 Machi

Kimoja!

Mmea wa mwisho karibu na pipa. Katikati kabisa, kitu cha zambarau, kama kichwa cha kiberiti. Aliyekiona ni Gavin. Aliingia na matope mpaka kwenye zulia, akanivuta mkono, mimi na bigudi za kukunjia nywele kichwani, Bwana Ogden ananitazama na bigudi zangu, akasema mvua inakuja.

Kichwa cha kiberiti hakitoshi watu watano. Lakini mwanangu alivyokuwa anacheka!

Jumamosi, 9 Machi

Kesho wanakuja. Nimesafisha dirisha ambalo hakuna atakayelitazama. Nimetoa ile chapati juu ya kabati. Mwanakondoo yupo, viazi vipo. Machipukizi: vichwa vya kiberiti, labda viberiti viwili vya vichwa.

Gavin bado hajasema. Mchana nilimshika shati. "Mwambie leo. Mpigie simu."

"Nitamwambia kesho, mama. Nikimwona uso kwa uso."

"Mbele ya baba yake?"

Akapauka.

Alasiri Bwana Ogden kaita kwenye uzio na mfuko umejaa. "Tumevuna kupita kiasi," akasema. "Nimesikia mna wageni." Hakusema zaidi, Mungu ambariki. Brokoli zake nzuri, na vishina virefu. Nikasema basi yamekwisha, nitazipika, tutasema tulikata asubuhi kabla hawajafika.

"Lakini anataka kukata mwenyewe," akasema Gavin.

Hapo Ronnie akakunja gazeti lake. Ronnie alikuwa fundi wa makochi maisha yake yote, mpaka magoti yalipomstaafisha. Kachukua chipukizi moja kwenye mfuko wa Bwana Ogden, kaligeuzageuza kama anakagua mguu wa kiti.

"Hili linashoneka mmeani," akasema.

"Ronnie, hapana!"

"Uzi wa kijani. Fundo la chini, jani linafunika. Nimeshona kochi la meya, hakuna aliyeona mshono."

"Yule mtu anahukumu mboga! Alimfukuza shemeji yake!"

"Shemeji yake alitumia mafuta," akasema Ronnie. "Sisi hatutumii mafuta."

Nimekataa. Nimekataa kabisa. Nimesema nyumba hii haitadanganya yatima Jumapili ya Akina Mama.

Kisha nimempelekea sindano.

Jumapili, 10 Machi

Naandika haraka haraka. Niko chumbani juu. Nimewaambia nimekuja kubadilisha aproni.

Asubuhi Ronnie alipiga magoti kwenye tuta juu ya mto wa kochi, miwani puani, anashona. Barafu bado kwenye majani. Mimi nikimpa machipukizi, kama nesi na daktari. Gavin akishikilia majani pembeni, hana rangi. Uzi wa kijani ukaisha kabla ya mmea wa mwisho, tukatumia mweupe. Bwana Ogden akatokea na kikombe chake cha chai. Akatazama. Akatazama muda mrefu.

"Asubuhi njema," akasema. "Huenda jua likatoka."

Na limetoka! Wiki zote hizi hakuna jua, leo limetoka! Wamefika saa tano na nusu na machipukizi yameanza kulegea shingo.

Bwana Entwistle ni mrefu, koti zito, na futi ya kupimia inachungulia mfuko wa juu. Mtu anakuja kula na futi! Amenishika mkono akasema, "Tunashukuru kwa mwaliko, Bi Shuttleworth. Nasikia kijana ana brokoli." Hakuuliza habari za afya.

Bryony ni mdogo, ana mafua, pua nyekundu. Amevaa viatu vya bustani — kavivaa kutoka kwao! Kanipa maua ya njano. Akasema, "Nilikuwa sina wa kumpa." Nikasema nakwenda kuangalia karoti. Nimelia juu ya karoti mpaka zikachemka kupita.

Ronnie amemweka mzee sebuleni na divai ya sheri, anamwonyesha jinsi makochi yanavyotengenezwa kwa ndani. Amempindulia kochi zima. Bora mzee asifike dirishani.

Sasa wametoka hao wawili. Nawaona kutoka hapa. Bryony na kisu mbele, Gavin nyuma, anatembea kama anakwenda kung'olewa jino. Nimefungua dirisha kidogo. Baridi. Sijali.

Kainama kwenye mmea wa kwanza. Kashika chipukizi. Limelegea mkononi mwake kama mkia wa panya. Kalitazama. Sasa vidole vinashuka chini — chini — kasimama.

Ameuona uzi.

Anamtazama Gavin. Gavin anazungumza sasa, mikono yote miwili. Sisikii vizuri. Nimesikia "mama". Nimesikia "matairi". Ananyooshea kidole nailoni zilizokunjwa kando, anaonyesha chupa ya maji ya moto kwa mikono, ananyooshea dirisha langu! Nimejificha nyuma ya pazia.

Anamwambia yote. Mwanangu. Hatimaye, siku ya leo, mwanakondoo yuko ovenini.

Nimechungulia. Bryony amejiziba mdomo. Mabega yanamtikisika. Sijui analia au anacheka, ana mafua, siwezi kujua! Gavin amemwonyesha kitu kwenye mmea wa mwisho, kule karibu na pipa, ametenga majani kwa vidole polepole — kile kichwa cha kiberiti, chenyewe, cha kweli. Ameinama naye. Wanatazama. Bryony anamwuliza kitu. Gavin anajibu bila kufikiri, anaonyesha kijiti, anaonyesha njiwa. Anajua! Yule mtoto anajua!

Mungu wangu. Mlango wa nyuma umefunguliwa.

Mzee anatoka. Ronnie yuko nyuma yake na glasi ya sheri, anasema, "Bwana Entwistle, hujaona springi!" Hasikii. Anakuja na futi mkononi.

"Bryony! Hebu nione hizo kabla hujakata!"

Gavin kaganda. Bryony hakugeuka mara moja. Kaipanga kola ya Gavin kwanza — mimi nimeona, kaipanga. Kisha kageuka, akatandaza koti lake wazi kama kuku, akasimama mbele ya ule mmea wenye uzi mweupe.

"Baba, pita kule, hapa pana tope," akasema. "Utaharibu viatu."

"Nina viatu vya bustani nyumbani thelathini."

"Basi ungevaa mojawapo!"

Ronnie ananiita kutoka chini, "Mo! Mo, njoo!" Naenda. Sasa hivi naenda. Aproni sijaibadilisha. Nitasema nini? Nitasema mvua inakuja, na jua lote hili?

Bwana Entwistle amevaa miwani. Anainama. Bryony anamtazama baba yake usoni, anazungumza naye haraka haraka kuhusu liki za mtu fulani, na mkono wake mmoja uko nyuma ya mgongo, kwenye mmea, unakaza fundo.